Namna ya kusoma riwaya "isiyo na stori" bila kuirudisha kwenye kaveera

Shemeji yangu anauza spea za pikipiki hapa Jinja, na ni mtu wa kusoma kweli, gazeti halimpiti, na zile riwaya za majasusi za mtumba wanazotandaza chini barabarani Kampala nadhani amezimaliza zote. Siku moja nikamwazima Kintu, riwaya ya Mganda Jennifer Nansubuga Makumbi. Baada ya wiki mbili akairudisha kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, ile ile niliyompa nayo, akaniambia, "Shem, hiki kitabu kimekufa. Mtu anauawa Bwaise pale Kampala mwanzoni kabisa, nikasema sawa, sasa tunamtafuta muuaji, kufungua mbele kidogo niko mwaka 1750 na watu wanatembea kwa miguu kwenda kwa mfalme, Kabaka. Muuaji yuko wapi?"

Nilicheka ila sikumlaumu, manake hata mimi mara ya kwanza niliiacha hapo hapo, ikakaa miezi juu ya kabati na vumbi lake. Basi haya nimemwandikia yeye, na nimeona niyaweke hapa kwa sababu swali lake naulizwa na wengi: hizi riwaya za siku hizi za kushinda tuzo mbona hazina stori? Mimi si mwalimu wa fasihi, ni msomaji tu, wa kusoma kwa tochi ya simu umeme ukikatika. Lakini ninachojua ni kwamba stori iko. Ila haijawekwa pale tulipozoea kuikuta.

Kwanza badilisha swali

Ukisoma riwaya ya ujasusi unauliza nini kitatokea. Swali zuri tu, silidharau. Sasa ukilibeba hilo hilo kwenye riwaya ya aina hii utachoka, kwa sababu mwandishi mara nyingi anakutajia kifo ukurasa wa kwanza, anamaliza biashara ya "nini" asubuhi na mapema. Anachokuachia ni hiki: nani anajua, nani hajui, na nani anajua ila amenyamaza.

Wewe umeshakaa matanga. Watu wako kwenye mikeka, chai inazunguka, wanaongea habari ya mvua, bei ya saruji, barabara imeharibika, na wote pale wanajua kuna mtoto wa nje anakuja kesho na mama yake na hakuna anayemtaja. Mgeni akikaa pale saa tatu ataondoka akisema hawa watu hawana la maana. Wa nyumbani anasikia kila sentensi inavyokizunguka hicho kitu kama watu wanaopita pembeni ya shimo. Riwaya hizi ni kikao cha namna hiyo, na kazi yako ni kuacha kuwa mgeni haraka iwezekanavyo.

Namna ninavyofanya: nachukua karatasi moja, naikunja katikati, upande mmoja naandika ANAJUA, upande wa pili HAJUI. Naiweka ndani ya kitabu kama alama ya ukurasa. Mhusika akiingia namtupia upande wake, akijua kitu namhamisha kwa mshale. Ni hayo tu. Watu wananicheka wakiiona, wanasema ninafanya homuweki, lakini karatasi hiyo imeniokolea vitabu vingi kuliko uchambuzi wowote niliowahi kusoma.

Ijaribu kwenye Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Hiki ni kitabu cha 1994, kwa Kiingereza kinaitwa Paradise, mwaka huo huo kilifika orodha fupi ya tuzo ya Booker, mwenyewe akaja kupata Nobel 2021, na Kiswahili chake kikatoka 2022 kwa Mkuki na Nyota, kimefasiriwa na Ida Hadjivayanis. (Miaka 28 kitabu cha mtu wa Zanzibar, kinachosimulia watu wa pwani na bara yetu, kilikaa bila Kiswahili, acha tu.) Kuna mtoto, Yusuf, miaka 12. Kuna tajiri, Aziz, ambaye kila akipita kwao anamwachia sarafu, kwa hiyo mtoto anampenda na anamwona mjomba. Siku moja anaondoka naye kwa treni. Mtoto anafurahia safari. Kule dukani pwani anamkuta kijana mwingine, Khalil, na huyo ndiye anamfungua macho kwamba huyu si mjomba wako, muite Seyyid, baba yako anadaiwa na wewe umewekwa rehani.

Sasa angalia karatasi yako. Upande wa ANAJUA: baba, mama, Aziz, Khalil. Upande wa HAJUI: mwenye maisha yake mwenyewe. Ukishaona hivyo rudi sura ya kwanza uisome upya uwaangalie wazazi tu, mwache mtoto kabisa, angalia wazazi wanaongea nini na hawaongei nini siku za mwisho. Mimi nilifanya hivyo nikiwa ndani ya taksi tumekwama Mukono na ilibidi nifunge kitabu niangalie nje kidogo. Hakuna kilichobadilika kwenye maneno, ni mimi niliyekuwa nimehama upande wa karatasi.

Kitu kingine hapo, angalia watu wanaitanaje. Jina la kuitana linakuambia nani bado hajakubali ukweli. Mtu akiendelea kusema mjomba baada ya kuambiwa si mjomba, usifikiri mwandishi amesahau.

Kurasa 40 za mwanzo ni za kukaa mara moja

Hili ni la kiufundi na nalipitia haraka. Usizisome kurasa za mwanzo kipande kipande, tano leo, tatu keshokutwa. Riwaya ya aina hii inakupa watu na nyakati bila kukutambulisha, ukiikatakata kila siku utakuwa unaanza upya. Tafuta muda mmoja mrefu. Mimi muda wangu ni barabara ya Jinja kwenda Kampala, ni kilomita kama 80 lakini malori ya miwa yakiwa mbele yenu kule Lugazi unaweza kusoma ukazeeka. Neno usilolijua liruke. Jina usilolielewa liandike. Ukifika ukurasa wa 40 bado hujui stori inahusu nini, hiyo ni kawaida kabisa, endelea.

Simu weka mfuko wa nyuma. Najua, hata mimi sifaulu kila siku.

Majina: hapa sisi tuna faida

Watu wengi wanalalamika Kintu ina majina mengi. Ni kweli. Imegawanyika vitabu sita kwa ndani, na kuna ukoo unaoanza kwa Kintu Kidda enzi za 1750 mpaka wajukuu wa wajukuu mwaka 2004, na majina yanajirudia kwa sababu koo zetu ndivyo zinavyofanya, hazinunui majina mapya dukani. Chora mti wa ukoo mwenyewe, kwa mkono. Hata kama toleo lako limechorwa tayari, chora wako, kichwa kinashika kile mkono umeandika.

Lakini halafu tulia ufikirie kitu kimoja. Msomaji wa London akikutana na Nnakato na Babirye anaona majina mawili magumu. Wewe ambaye umekaa Uganda hata kama si Muganda, umelelewa Walukuba hapa Jinja kwenye Kiswahili cha mtaani kama mimi, ukisikia Babirye na Nnakato unajua papo hapo hawa ni mapacha wa kike, na unajua nani alitangulia kutoka. Ukisikia Wasswa na Kato unajua ni mapacha wa kiume. Ukisikia mtu anaitwa Ssalongo unajua ana mapacha nyumbani na unajua heshima yake na unajua pia utani wake. Hayo yote mwandishi hakuyaeleza kwa kirefu kwa sababu alikuwa anaongea na wewe. Kintu Kidda alimtaka Nnakato, akapewa na Babirye juu yake, kwa sababu mapacha hawatenganishwi hivi hivi. Ukilijua jina umeshaijua nusu ya ndoa, na taabu yake pia umeshaanza kuinusa.

Makumbi mwenyewe ameshasimulia kwamba wachapishaji Uingereza walimwona wa Kiafrika mno. Basi muswada ukashinda shindano la Kwani?, wachapishaji wa Nairobi, 2013, kitabu kikatoka 2014, na Marekani na Uingereza zikaja baadaye zikifuata nyuma, 2017 na 2018. Nalitaja kwa sababu linaingia kwenye usomaji wako: kile kilichowashinda wale ndicho wewe umezaliwa nacho, halafu unakirudisha kwenye kaveera.

Kutokana na hilo nina kipimo changu kimoja kikali kidogo, mkinitukana sawa. Ukisoma riwaya ya mtu wa huku, ukakuta amesimama katikati ya ugomvi wa mume na mke kukueleza kwamba matooke ni aina ya ndizi inayopikwa ikiwa mbichi, jua huyo haongei na wewe. Anaongea na mtu aliyesimama nyuma yako mwenye pochi. Unaweza kuendelea kumsoma, wengine ni wazuri hata hivyo, lakini soma kama mtu anayesikiliza simu ya jirani.

Tafuta kilichorukwa

Hii kwangu ndiyo tamu kuliko zote na ndiyo inayowashinda watu. Kwenye riwaya hizi shimo ni sehemu ya nyumba. Mwandishi akiruka miaka, au akiruka tukio kubwa, usiseme "kasahau" wala usiseme "hakufanya utafiti". Uliza kwa nini hapo.

Turudi Bwaise. Januari 2004, Kamu Kintu anachukuliwa kwake asubuhi mapema, mtu anapiga kelele ya mwizi, umati unamaliza kazi. Halafu kitabu kinakutupa 1750. Kintu Kidda yuko safarini kwenda kumpa Kabaka mpya heshima zake, yuko na kijana Kalema, mtoto aliyemlea, mtoto wa Ntwire Mnyarwanda. Kofi moja la Kintu. Kijana anaanguka, anakufa. Anazikwa vibaya, na Ntwire akija kuuliza mtoto wangu yuko wapi, haambiwi. Laana ya ukoo mzima inatoka hapo.

Na kati ya hapo na 2004 ya wajukuu wa ukoo huo, akina Suubi na Kanani na Isaac Newton na Miisi, wakoloni wako wapi? Mzungu ambaye shuleni tulifundishwa kila kitu kilianza naye? Hapewi sura yake. Anarukwa, unawaona Waganda kabla yake na unawaona baada yake, na yeye unamwona kwenye athari tu, kwenye makanisa, kwenye majina kama hilo la Isaac Newton. Nilipogundua hilo nilikuwa tayari nimekimaliza kitabu, naosha vyombo, nikasimama na sufuria mkononi. Mtu ameandika historia ya Buganda akamfanya mkoloni asiwe na kiti sebuleni! Hiyo huioni ukisoma kwa kutafuta muuaji.

Lakini ona pia shimo la pili, dogo, la ile kimya ya Kintu Kidda. Ukiniuliza mimi nitasema kofi halikuileta laana peke yake. Kofi lilikuwa bahati mbaya, mzazi yeyote wa enzi zile angeelewa. Ni ile kutomwambia baba wa mtoto. Kwenye karatasi yangu Ntwire yuko upande wa HAJUI peke yake, kijiji kizima kiko upande wa pili kinamwangalia. Na umati wa Bwaise nao, ukiufikiria, ni watu waliojiweka upande wa ANAJUA bila kujua kitu. Sisemi ndivyo mwandishi alivyokusudia. Ndivyo karatasi ilivyonionyesha.

Mfano mwingine wa kimya, mfupi. Waiting ya Goretti Kyomuhendo, 2007, iko Hoima mwaka 1979, Amin anaanguka, askari wake wanakimbia wakipora, familia inalala nje shambani ikiwaogopa. Msimulizi ni msichana. Mambo makubwa ya serikali huyaoni, unaona chakula kinapikwa mapema, moshi usionekane. Msomaji wa haraka atasema hakuna kinachotokea, wanangoja tu. Ndiyo, wanangoja, kitabu kinaitwa hivyo! Hapo soma kwa mwili: nani anakaa karibu na mlango, nani anabeba nini, mama mjamzito anatembeaje. Hofu iko kwenye miguu ya watu, mdomoni hutaisikia.

Na kwetu tunaosoma kwa Kiswahili Uganda hicho kitabu kina uchungu wa pembeni. Kiswahili hapa bado kuna wazee wakikisikia wanakaza mgongo, kwao ni lugha ya askari wa kizuizi cha barabarani, ya "toa kitambulisho". Na waliokuja 1979 kumwondoa Amin nao walikuwa Watanzania, nao waliongea Kiswahili. Lugha ile ile upande wa mwenye kupora na upande wa mwenye kuokoa. Mimi niliyekunywa Kiswahili na maziwa sikuwahi kufikiria mzee wa Hoima alikuwa anatofautishaje sauti gizani.

Kisome kwa mdomo

Ikiwa kitabu ni cha Kiingereza na kinakuteleza, tafuta mazungumzo ya wahusika uyaseme kwa sauti kwa lugha ambayo hao watu wangeongea kweli. Ya Aziz na Khalil yaseme kwa Kiswahili, ya watu wa Bwaise yaseme kwa Luganda ikiwa unayo. Utashangaa. Sentensi iliyokuwa imelala inasimama, unasikia kejeli, unasikia mtu anapunguza sauti kwa sababu ya adabu na siyo kwa sababu ya upole. Kiingereza cha hawa waandishi wengi kina lugha nyingine chini yake kama godoro chini ya shuka.

Kwa Kiswahili chenyewe usifikiri utapona. Nagona ya Euphrase Kezilahabi wa Tanzania, ya 1990, ni kijitabu chembamba, unakiona unasema leo jioni nimemaliza, halafu kinakutembeza kwenye ndoto na mafumbo mpaka unajiuliza kama ni wewe una homa. Nilikisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikisoma kwa sauti, kama shairi, ndipo kikaniruhusu kuingia, na bado sijafika jikoni. Kwa hicho karatasi ya ANAJUA na HAJUI haisaidii sana, nakiri, wote mko upande mmoja wa HAJUI.

Kuacha kunaruhusiwa

Si kila kitabu kigumu ni kizuri. Kuna vilivyoandikwa vigumu kwa sababu mwandishi hana la kusema, na kuna vile vya kupanga mateso kama bidhaa, ukurasa huu ubakaji, ukurasa ule vita, mtoto anakufa sura ya tatu na ya saba, na hakuna mtu hata mmoja anayecheka kitabu kizima. Mimi watu nimewaona wakicheka matangani. Nikifika nusu bila kicheko hata kimoja nafunga na sijisikii vibaya.

Ila acha baada ya nusu, siyo ukurasa wa 20. Ukurasa wa 20 hujakiacha kitabu, umekiogopa tu.

Vitabu vyenyewe

Kampala, Aristoc kule Kampala Road wanazo riwaya za akina Makumbi, bei inauma lakini ni mpya. Chini barabarani bei ni ya kuongea, ila fungua katikati kwanza uhakikishe kurasa zipo. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanza 1995, wako Kamwokya na vitabu vyao wenyewe, na wana utaratibu wa kukutana Jumatatu kusomeana kazi, ukiwa mjini pita hata kama unaona haya, wanaume pia wanaingia. Vya Kiswahili ndivyo shida. Mimi natumia njia ya zamani, mtu wangu anayesafirisha bidhaa Busia namwomba aniletee kutoka Kenya, na huwa namwandikia jina la kitabu na la mwandishi kwa herufi kubwa, kwa sababu siku moja niliomba riwaya nikaletewa mwongozo wa riwaya, wa kujibia mtihani.

Na tafuta mtu wa kusoma naye, mmoja anatosha. Msianze kwa kuulizana "umekipenda?", hilo swali linaua maongezi. Anza na "wewe umemweka nani upande gani".

Shemeji nilimrudishia Kintu na karatasi imeshakunjwa ndani, na peni juu. Akaguna. Wiki ya tatu nikapita dukani kwake kununua cheni ya boda ya kijana wangu, nikamkuta na kitabu kimefunguliwa juu ya kaunta, kimekandamizwa na boksi la plagi, kina alama ya grisi ya kidole gumba. Karatasi ilikuwa imejaa mpaka pembeni. Jina la Ntwire alikuwa ameliandika katikati kabisa, juu ya mkunjo, na alama ya kuuliza.

"Shem," akaniambia, hata salamu hajanipa, "huyu mzee alipokuja kuuliza mtoto wake. Alikuwa hajui kweli, au alitaka tu waseme wenyewe?"

Mteja alikuwa anasubiri mafuta ya breki. Alisubiri sana.